I-27: Nyambizi iliyowazamisha askari wetu

Manowari ya Japani iliua zaidi ya watu 1,200 ndani ya dakika tatu mwaka 1944, wengi wao vijana wa Afrika Mashariki. Historia ya nyambizi hiyo inajulikana karibu siku kwa siku. Ya vijana wale, je?

ENGARESERO, NGORONGORO

Ziwa Natron halina bandari wala gati. Maji yake ni magadi, kina chake hakifiki mita tatu, na jua la kiangazi likikolea ufuo hurudi nyuma ukiacha gamba jeupe lenye wekundu. Heroe wadogo hutaga katikati ya ziwa kwa sababu adui wao hathubutu kuwafuata huko. Kwa mtu aliyezaliwa hapa Engaresero, chini ya Ol Doinyo Lengai, maji ya kuogopwa ni mafuriko yanayoshuka korongoni. Bahari ni habari ya kusimuliwa.

Makala haya ya nyambizi yanaanzia hapa kwa makusudi. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Waingereza waliandikisha askari zaidi ya 80,000 kutoka Tanganyika peke yake, na jeshi la kikoloni lilipenda watu wa bara: wakulima na wafugaji waliozoea kutembea mwendo mrefu. Wengi waliiona bahari kwa mara ya kwanza siku waliyoshushwa kwenye treni Mombasa. Mamia yao hawakuvuka bahari hiyo.

Saa nane na nusu mchana

Jumamosi, Februari 12, 1944. Meli tano zilizojaa askari zilikuwa zikipita kwenye mlango wa bahari kusini mwa visiwa vya Maldives, ule unaoitwa Mlango wa Digrii Moja na Nusu. Zilikuwa zimeng'oa nanga Kilindini, Mombasa, wiki moja hivi kabla, kuelekea Colombo, Ceylon. Msafara uliitwa KR 8.

Kiongozi wa meli hizo alikuwa SS Khedive Ismail, meli iliyoundwa Uskoti mwaka 1922 kwa kampuni ya Chile, ikauzwa Misri mwaka 1935 na kupewa jina la mtawala wa nchi hiyo, kisha Waingereza wakaichukua mwaka 1940 kubebea askari. Siku hiyo ilikuwa na watu 1,511. Kati yao, 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki: askari Waafrika na maofisa wao Waingereza, wakipelekwa kwenye vita vya Burma. Walikuwamo pia mabaharia wa Uingereza, wauguzi zaidi ya 50 na wanawake wengine wa huduma za kijeshi.

Chakula cha mchana kilikuwa kimeliwa. Ukumbini palikuwa na burudani ya muziki, na abiria wengi walikuwa wameketi kusikiliza. Askari wengi walikuwa sitaha za chini.

Topido mbili ziliipata Khedive Ismail karibu kwa wakati mmoja. Meli ikalala ubavu, ikakatika, ikazama kabla dakika tatu hazijatimia. Hapakuwa na nafasi ya kushusha boti. Aliyekuwa chini ya sitaha alizama na meli.

> Waliookoka walikuwa wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa ni 1,297.

Msomaji apige hesabu mwenyewe. Hata kama wanaume wote 208 waliookoka wangekuwa wa kikosi cha mizinga, na hawakuwa, bado kikosi hicho kingekuwa kimepoteza watu karibu 790. Kwa upande wa wanawake, 77 waliokufa ni hasara kubwa kuliko zote iliyowahi kuwapata wanawake wa huduma za Uingereza na himaya yake kwa pigo moja baharini.

Ilikotoka I-27

Iliyofyatua topido hizo ni nyambizi ya Japani I-27. Ilikabidhiwa kwa wanamaji Februari 24, 1942, kwenye karakana ya Sasebo. Urefu wake ulikaribia mita 109, zaidi ya uwanja mzima wa mpira. Ilikuwa na mirija sita ya kufyatulia topido, akiba ya topido 17, mzinga mmoja mkubwa sitahani na hata banda la kuhifadhia ndege ndogo ya upelelezi. Ingeweza kusafiri zaidi ya kilometa 25,000 bila kujaza mafuta. Kwa enzi zake, chombo hicho kilikuwa kitisho.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa Australia. Usiku wa Mei 31, 1942, nyambizi kubwa za Japani ziliachia vijinyambizi vitatu vya watu wawili wawili kuingia bandari ya Sydney. Kile cha I-27 kilinasa kwenye wavu wa ulinzi, na waliokuwamo wakajilipua nacho. Siku nne baadaye, Juni 4, I-27 iliizamisha meli ya kubebea madini Iron Crown pwani ya kusini mashariki ya Australia. Mabaki ya meli hiyo yalipatikana mwaka 2019.

Nusu ya pili ya shambulio la Mei 1942 ilikuwa upande wetu. Mei 30, vijinyambizi vingine vya Japani viliingia bandari ya Diego Suarez, kaskazini mwa Madagascar, na kuijeruhi manowari kubwa ya Uingereza, Ramillies. Wiki zilizofuata, nyambizi za Japani zilizamisha meli zaidi ya 20 katika Mlango wa Msumbiji. Waingereza walikuwa wamekwisha kuhamishia makao ya Kikosi chao cha Mashariki Kilindini, baada ya Wajapani kuishambulia Colombo kwa ndege Aprili mwaka huo. Jengo la shule ya Allidina Visram, Mombasa, lilikuwa limegeuzwa kituo cha siri. Humo wataalamu wa Uingereza walikesha wakifungua mawasiliano ya fumbo ya Wajapani, na ndimo walimovunja fumbo la meli za mizigo za Japani lililoitwa JN-40.

Hilo nalitaja kwa sababu wengi hudhani pwani yetu ilikuwa pembezoni mwa vita. Haikuwa hivyo.

I-27 ilihamia kambi ya Penang, Malaya, na kuanzia hapo bahari yake ikawa Bahari ya Hindi ya magharibi. Mwanzoni mwa 1943 ilipata nahodha mpya, Fukumura Toshiaki. Machi mwaka huo iliizamisha Fort Mumford ya Uingereza, na katika mabaharia wote wa meli hiyo alibaki mmoja tu. Baadaye kulitolewa ushahidi kwamba waliokuwa kwenye boti walimiminiwa risasi. Juni 28, 1943 iliingia hadi mdomoni mwa bandari ya Muscat na kuipiga meli Dah Pu ikiwa bandarini. Waswahili wenye ndugu Oman watajua ilivyo ile bandari: imezungukwa na milima na ngome kila upande. Nahodha aliyethubutu kufyatua humo hakuwa mtu wa kusitasita.

Novemba na Desemba 1943 ilikuwa Ghuba ya Aden, ikila meli moja baada ya nyingine. Kisha ikarudi Penang, ikajaza, ikatoka tena. Safari hiyo ndiyo iliyoifikisha Maldives.

Mabomu katikati ya waliokuwa wakiogelea

Msafara KR 8 ulilindwa na manowari tatu tu: Hawkins, ya kizamani, iliyoshushwa majini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mbili ndogo za kasi, Petard na Paladin, zilizojiunga siku mbili kabla. Meli nne zilizobaki zilitawanyika kwa kasi pamoja na Hawkins. Petard na Paladin zikabaki.

Hapo ndipo linapoanza jambo ambalo wanamaji wa Uingereza wamelijadili kwa miaka zaidi ya 80.

Juu ya maji kulikuwa na watu mia kadhaa waking'ang'ania mbao na maboya. Chini yao, au karibu nao, kulikuwa na nyambizi. Paladin ilikuwa imeshusha boti kuokoa watu. Kamanda wa Petard, Rupert Egan, alikuwa na uamuzi wa kufanya: kuangusha mabomu ya kina kuisaka nyambizi, akijua mshindo wa bomu ndani ya maji humpasua mtu matumbo, au kusubiri waokolewe na kuiacha I-27 ichague meli nyingine.

Aliangusha mabomu. Baadhi ya waliokuwa wamenusurika topido waliuawa na mabomu ya upande wao.

Wanaomtetea Egan husema msafara ulibeba maelfu ya askari wengine kwenye City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga, na nyambizi iliyoponyoka ingeweza kuwafuata. Wanasema pia Paladin ilikuwa tayari imesimama kuokoa watu, na meli iliyosimama ni shabaha. Wanaompinga huuliza kwa nini mabomu hayakusubiri boti zikusanye watu, kwa kuwa nyambizi ya betri chini ya maji haiwezi kwenda mbali wala haraka. Kwa I-27, mwendo wa chini ya maji ulikuwa maili nane za baharini kwa saa, na si kwa muda mrefu.

Nimesoma hoja za pande zote, na kwangu kosa kubwa halikuwa la Egan. Lilifanyika Kilindini, siku meli tano zenye askari maelfu zilipotolewa bandarini na ulinzi wa namna ile, katika bahari ambayo wakubwa walijua fika ina nyambizi za adui. Manowari bora zilikuwa Atlantiki na Mediterania. Bahari ya Hindi ilipewa kilichobaki, na askari wa Kiafrika walisafiri chini ya ulinzi huo.

> Egan alikuwa na dakika chache za kuamua. Waliopanga msafara walikuwa na majuma.

Mabomu ya kina yaliilazimisha I-27 kuibuka. Mizinga ya Petard na Paladin ikaimiminia risasi, lakini ganda lake la ndani halikutoboka. Paladin ikajaribu kuigonga. Egan akaamuru iache, ikachelewa, na pezi la nyambizi likaichana ubavu. Mwishowe Petard ilianza kufyatua topido zake moja moja. Zilikosa. Ya saba iliipata. I-27 ililipuka na kuzama na watu wake wote isipokuwa mmoja. Mapambano yalidumu zaidi ya saa mbili.

Petard iliondoka pale na sifa ambayo hakuna manowari nyingine iliyo nayo: ilishiriki kuzamisha nyambizi za mataifa yote matatu ya upande wa adui. Oktoba 30, 1942 ilikuwa U-559 ya Ujerumani, ambamo mabaharia wake wawili walizama wakitoa vitabu vya siri vilivyosaidia kufungua fumbo la Enigma. Desemba mwaka huo ilikuwa Uarsciek ya Italia. Kisha I-27.

Mwandishi, duma na askari wasiotajwa

Katika waliokufa alikuwamo mwandishi wa vita, Kenneth Gandar-Dower, Mwingereza aliyejulikana kwa kuwapeleka duma kutoka Kenya hadi London mwaka 1937 na kuwashindanisha mbio, na kwa kumsaka simba wa madoadoa kwenye milima ya Aberdare. Habari zake zinapatikana kirahisi. Wauguzi wameandikiwa, wanawake wa jeshi la majini wameandikiwa, na meli yenyewe imeandikiwa kitabu. Nahodha wa I-27 ana wasifu.

Askari wa mizinga wanatajwa kwa tarakimu.

Majina yao yapo, na hili linafaa lisemwe wazi. Yamechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita yaliyo Barabara ya Ngong, Nairobi, kwa kuwa waliokufa baharini hawana kaburi. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi hayo ina daftari lililo wazi kwa yeyote, na hutafutwa kwa jina, kikosi au tarehe. Lakini jina lililochongwa Nairobi halimfikii mjukuu aliyeko Monduli, Singida au Songea. Familia nyingi zilijua tu kwamba fulani alikwenda Keya, kama walivyoliita jeshi la King's African Rifles na vikosi vilivyofuatana nalo, na hakurudi.

Kuna ubaguzi wa zamani nyuma ya ukimya huu. Aprili 2021 Tume hiyo ilitoa ripoti iliyokiri kwamba, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waafrika na Waasia wapatao 45,000 hadi 54,000 hawakukumbukwa sawa na wenzao wazungu, na wengine 116,000 au zaidi, pengine hadi 350,000, hawakutajwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa wa Afrika Mashariki, wakiwamo wapagazi. Vita vya pili vilikuwa na nafuu kwenye majina, lakini si kwenye fedha. Mwaka 2019 ziliibuliwa nyaraka zilizoonyesha kwamba kiinua mgongo cha askari Mwafrika kilikuwa hadi theluthi moja tu ya alicholipwa mzungu wa cheo hicho hicho.

Vita vya nani?

Kila jambo hili linapozungumzwa hapa nchini, hoja mbili hugongana.

Ya kwanza inasema vile havikuwa vita vyetu. Vijana walichukuliwa na mkoloni, wengine kwa shinikizo la machifu, wengine kwa sababu ya kodi, wakapelekwa kuua watu wa Burma na Japani ambao hawakuwa na ugomvi nao. Siku ya Mashujaa, Julai 25, ni ya waliopigania nchi hii. Kuwachanganya na waliomlinda mfalme wa Uingereza ni kuchanganya chumvi na magadi.

Ya pili inasema askari hao hao, waliorudi, walikuja na macho mengine. Walikuwa wamemwona mzungu akiogopa na akifa, wameuona utawala wa Waingereza ukiyumba Asia, na vuguvugu la uhuru la miaka ya hamsini liliwakuta tayari. Waliozama hawakupata nafasi hiyo, lakini damu yao iko kwenye hesabu ile ile.

Mimi niko upande wa pili, kwa sababu rahisi zaidi. Kijana wa miaka 20 aliyefungiwa sitaha ya chini hakuwa na kauli juu ya vita ni vya nani. Nchi inayokumbuka wafu wake haiwaulizi walitumwa na nani.

Nyambizi za leo hazipumui

Msomaji asidhani habari hizi ni za makumbusho. Bahari iliyoimeza Khedive Ismail ina nyambizi nyingi leo, na ni za aina nyingine.

I-27 ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: ilihitaji hewa. Chini ya maji iliendeshwa na betri, na betri zikiisha ililazimika kuibuka kuendesha injini za dizeli na kuzijaza. Mwaka 1954 Marekani ilizindua Nautilus, nyambizi ya kwanza ya nyuklia, na Januari 1955 ikaanza safari kwa nguvu hizo. Tangu hapo, nyambizi ya nyuklia inatengeneza hewa yake kutokana na maji ya bahari na kukaa chini kwa miezi. Kinachoirudisha bandarini ni chakula cha mabaharia. Zile za Marekani za aina ya Los Angeles zina urefu wa mita 110, karibu sawa kabisa na I-27, lakini uzito wake chini ya maji unakaribia mara mbili, na kasi yake chini ya maji ni zaidi ya mara mbili.

Nyambizi ya nyuklia imewahi kuzamisha manowari vitani: Mei 2, 1982 Conqueror ya Uingereza iliipiga General Belgrano ya Argentina, watu 323 wakafa. Hakukuwa na Petard ya kuilazimisha iibuke.

Kituo kikubwa cha nyambizi za namna hii kilicho karibu nasi ni Diego Garcia, katika visiwa vya Chagos, ambako Marekani ina kambi. Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba wa kuvirudisha visiwa hivyo kwa Mauritius, huku kambi ikiendelea kwa upangaji wa miaka 99. Chini ya makubaliano ya AUKUS, Australia nayo inajiandaa kupokea nyambizi za nyuklia za Marekani na Uingereza pwani yake ya magharibi, yaani upande huu huu wa bahari.

Afrika ina Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika Julai 2009, unaolifanya bara kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Tanzania na Kenya ni wanachama. Lakini mkataba huo unaiachia kila nchi iamue yenyewe kama itaruhusu meli za kigeni kutia nanga au kupita. Uamuzi huo hufanyika ofisini, na mwananchi huujua meli ikishaonekana bandarini. Mwaka 1944, mtu wa Engaresero, Dodoma au Machakos hakuulizwa. Kwa jambo kama hili, Bunge la leo halina udhuru wa kutouliza kwa niaba yake.

Kinachowezekana sasa

Mambo mawili hayahitaji bajeti kubwa. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ingeweza kuomba orodha ya askari wa kikosi cha 301 waliozama Februari 12, 1944, kuchambua waliotoka Tanganyika na kuitangaza wilaya kwa wilaya. Na Wizara ya Ulinzi ingeweza kulitaja tukio hilo kwenye maadhimisho ya Julai 25, hata kwa sentensi moja.

La tatu ni la wasomaji. Kama kwenu kuna babu aliyekwenda Keya na hakurudi, tafuteni jina lake kwenye daftari la Tume ya makaburi ya vita, mkianza na Februari 12, 1944. Kama kuna barua, picha, nishani au kitambulisho cha jeshi kwenye sanduku la bibi, kipigeni picha leo, andikeni anachokumbuka mzee aliyebaki, na nakala mzipeleke kwenye ofisi ya nyaraka au makumbusho iliyo karibu nanyi.